Mwenye Kushindania Macho ya Watu na Dini Yake

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na wote waliofuata mwendo wao kwa wema. Amma baad.

Katika darsa zetu za huku ng'ambo, Likoni, Kisauni na Changamwe, limeletwa swali ambalo mzazi mmoja aliuliza, na wengine wakasema kwamba nao walikuwa nalo moyoni. Aliuliza hivi: "Kijana wangu ana sauti nzuri, na yuwataka kwenda kujaribu bahati yake katika mashindano ya televisheni. Asema kwamba hataacha kuswali, na akishinda atatulipia kodi ya nyumba na karo za wadogo zake. Je, nimkataze?" Na ndugu mwengine akauliza: "Wale tuwaonao katika mashindano hayo wakilitaja jina la Mungu na kuinua mikono kuomba, hiyo ni dini au ni mchezo?"

Tumeona tuyajibu maswali haya mawili pamoja, kwani mzizi wao ni mmoja. Nalo si swali la kudharauliwa, maana ndani yake mna dini ya kijana, na mna njaa ya jamaa zake.

Asli ya mashindano haya

Kabla ya kulihukumu jambo yatupasa tulijue, kwani hukumu ya mtu asiyejua ni dhulma.

Mashuhuri zaidi katika mashindano ya jinsi hii ni ule mchezo uitwao Big Brother, ulioanza katika nchi ya Uholanzi mwaka 1999. Jina lake limetolewa katika kitabu cha Mwingereza George Orwell kilichochapishwa mwaka 1949, kinachosimulia khabari za dola ambayo jicho lake humwangalia kila raia mchana na usiku, hata chumbani mwake. Mwandishi yule alilitaja jicho hilo ili watu waliogope. Watengenezaji wa mchezo wamelitwaa jina lile lile wakalifanya burudani.

Mpango wake ni huu. Watu wasiojuana, wanaume kwa wanawake, hutiwa katika nyumba moja, wakakatiwa khabari zote za nje, na kamera zikawekwa kila pembe. Watazamaji hupiga kura, na washindani wakatolewa mmoja mmoja hata abaki mshindi. Humo mna chumba kimoja cha faragha, ambamo mshindani huingia peke yake akaeleza yaliyo moyoni mwake: ni nani amchukiaye, ni nani ampendaye, ni lipi lililomliza. Lakini faragha hiyo ni ya jina tu, kwani maneno asemayo humo ndiyo yanayopelekwa kwa watu wengi zaidi.

Afrika ilitengenezewa mchezo wake mwaka 2003. Washindani 12 kutoka nchi 12, zikiwamo Kenya, Uganda na Tanzania, walifungiwa katika nyumba moja huko Johannesburg tangu mwezi wa Mei hata Septemba, muda wa siku 106, wakishindania dola 100,000 za Marekani. Aliyeshinda ni Cherise Makubale wa Zambia, na wa pili wake alikuwa Mwisho Mwampamba wa Tanzania. Kamera zilifika hata bafuni. Viongozi wa dini katika nchi kadha walilalamika, na mwezi wa Agosti mwaka ule ule Bunge la Malawi liliamua kwamba televisheni ya taifa isiuonyeshe. Hata hivyo mchezo haukufa. Mwaka 2007 mshindi alitoka Tanzania, naye ni Richard Bezuidenhout, na tangu mwaka 2017 ule wa Nigeria hutoka mwaka baada ya mwaka, na vipande vyake hupita katika simu za vijana wetu.

Jinsi ya pili ni mashindano ya kipawa. Katika haya, lililojulikana sana kwetu ni lile la kuimba lililofanyika Nairobi kuanzia mwaka 2006 hata mwaka 2013, kwa awamu sita, likiitwa Tusker Project Fame. Vijana wa Afrika Mashariki walikaa pamoja, wakafunzwa kuimba mbele ya kamera, na zawadi ya mshindi ikafika shilingi milioni 5 za Kenya. Na ndugu msomaji aliangalie jina lenyewe: neno la kwanza ni jina la pombe, kwani mwenye kiwanda cha pombe ndiye aliyetoa fedha.

Washindani na dini yao

Mwenye kuyaangalia mashindano haya kwa makini ataona kwamba washindani, kwa upande wa dini, ni makundi manne.

Kundi la kwanza ni wale wanaoiacha dini mlangoni. Hawa hawakumkana Mola wao. Wameivua dini yao kama mtu avuavyo viatu, wakitumai kwamba watakapotoka wataikuta pale pale. Nyumba ile haikujengwa kwa saa za swala. Siku yake hupangwa na waandaaji, ambao huwaamsha watu kwa kazi walizozitunga wao, na huwakesheza kwa karamu yenye ulevi. Mtu aliyeingia na swala dhaifu hana kitakachomshika humo.

Kundi la pili ni wale wanaoitumia dini kuombea kura. Ukifika usiku wa kutolewa mtu, utawaona wameshikana mikono wakiomba. Aliyebaki husema kwamba Mungu amemchagua, na aliyeshinda husema kwamba Mungu ndiye aliyemleta katika nyumba ile. Kumshukuru Mwenyezi Mungu ni jambo jema, wala hatumlaumu mtu kwa kulitaja jina la Mola wake. Lakini mtu huyu amemfanya Mola wake kuwa msaidizi wa jambo ambalo hakumwuliza kwanza kama analiridhia. Mwenye kusafiri humwomba Mungu safari njema baada ya kujua kwamba safari yake ni ya halali. Ama mwizi akisoma dua mbele ya mlango wa watu, dua yake haimtakasi, bali yamzidishia dhambi.

Kundi la tatu ni wale walioingia na dini yao yote, nayo ikawa ndiyo mpaka wao. Hawa ni wachache, na mara nyingi twawaona katika mashindano yasiyomtaka mtu auze siri zake. Mwaka 2015 huko Uingereza, mwanamke wa Kiislamu aitwaye Nadiya Hussain, aliyezaliwa Luton katika jamaa ya asli ya Bangladesh, alishinda shindano la kuoka keki na mikate, Great British Bake Off, na mamilioni ya watu wakitazama. Aliingia na mtandio wake kichwani na akatoka nao. Alieleza kwamba alikhofu watu wamwone Mwislamu aliyejifunika wakashuku kama aweza kuoka. Hakuhubiri, wala hakuufanya mtandio wake kuwa kioja. Alioka, na waamuzi wakaonja. Hatutoi fatwa juu ya kila alilolifanya. Twamtaja ili kijana ajue kwamba yawezekana mtu kusimama mbele ya kamera na mpaka wake usivunjike, iwapo shindano lenyewe halikujengwa ili kuuvunja.

Kundi la nne ni wale waliokataa kuingia. Hao hatuwajui majina, maana hakuna kamera inayomfuata mtu aliyerudi nyumbani kwake. Yupo msichana aliyeambiwa kwamba sauti yake yatosha ila mavazi yake hayafai, akasema, "Basi," akaenda zake. Yupo kijana aliyelisoma sharti la kukaa nyumba moja na wasio maharimu wake, akairudisha karatasi. Kwa watu hao hakushinda, lakini huenda mbele ya Mola wake akawa katika washindi.

Hapa yatupasa tutie onyo. Hatukuyataja makundi haya ili msomaji akae mbele ya televisheni akiwagawa watu kwa majina, huyu wa kwanza na huyu wa pili. Mwenyezi Mungu ametukataza dhana mbaya, na kupelelezana, na kusengenyana, katika Suratul Hujurat, aya ya 12. Tena fahamu kwamba unachokiona si maisha ya mtu yule. Saa 24 za siku hukatwakatwa zikawa kipindi kifupi, na mkataji huchagua ugomvi na kilio na vicheko. Huenda mshindani aliswali swala zake tano zote usimwone hata mara moja, kwani mtu aliyesujudu kwa utulivu hana la kumfurahisha mwenye kutafuta watazamaji. Na wako waliotoka katika mashindano hayo wakaelekea kwenye dini. Ruth Matete wa Kenya, aliyeshinda lile la kuimba mwaka 2012, baadaye aligeukia nyimbo za dini yake ya Kikristo. Mioyo i mikononi mwa aliyeiumba.

Je, nyumba ikitiwa chumba cha kuswalia?

Wapo watakaosema: "Ubaya ni wa mchezo wa makafiri. Tukiufanya sisi kwa adabu zetu, utakuwa halali." Jambo hili limekwisha kujaribiwa. Mwanzoni mwa mwaka 2004 shirika la televisheni la Kiarabu la MBC lilianzisha mchezo huo huo katika nchi ya Bahrain, ukaitwa Ar-Rais. Wanaume walipewa vyumba vyao vya kulala na wanawake vyao, na mahali pa kuswalia pakawekwa. Hata hivyo haukutimiza wiki mbili. Mshindani mwanamume alimwamkia mwanamke kwa kumbusu shavuni mbele ya watazamaji wote. Watu wakaandamana katika mji wa Manama, na shirika likauvunja mchezo.

Mafunzo yake ni kwamba chumba cha kuswalia hakiigeuzi asli ya nyumba. Ukichukua nyumba iliyojengwa ili watu watazamwe katika faragha zao, kisha ukaining'iniza aya ukutani, umeipamba, lakini hukuitengeneza.

Na liko jaribio jingine lililokuwa bora kuliko hilo. Mwaka 2010 televisheni moja ya Malaysia ilianzisha shindano la vijana wa kiume, likiitwa Imam Muda, yaani Imamu Kijana. Washindani 10 walitengwa na simu na khabari za nje, lakini kazi walizopewa zilikuwa ni za uimamu: kusoma Qur'ani, kuwatolea watu mawaidha, na kuosha na kuzika maiti aliyekosa wa kumzika. Mwenye kuwahukumu alikuwa ni mwanachuoni aliyewahi kuwa imamu wa msikiti wa taifa. Aliyeshinda, Muhammad Asyraf Mohd Ridzuan, katika zawadi zake mlikuwamo nafasi ya kusoma Madina na safari ya Hija.

Tazama tofauti ya nyumba mbili hizi. Ile ya kwanza ilibadilisha pambo. Hii ya pili ilibadilisha makusudio na hakimu. Mtu hakushinda kwa kupendwa, alishinda kwa kujua na kutenda. Pamoja na hayo, sisi tungemkhofia hata kijana yule aliyeosha maiti huku kamera ikimwangalia, na sababu ya khofu yetu tutaieleza sasa hivi.

Mambo matatu yanayoharibika

La kwanza ni heshima ya jicho. Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Sahl bin Saad kwamba mtu mmoja alichungulia katika tundu ya nyumba ya Mtume (S.A.W.), naye Mtume ana chanuo mkononi akichana nalo kichwa. Mtume akamwambia kwamba lau angalijua kuwa yuwachungulia, angalimchoma nalo jichoni, na akabainisha kwamba kuomba idhini ya kuingia kumewekwa kwa ajili ya jicho. Basi mchezo huu wote ni tundu ya mlango iliyofanywa pana. Atakayesema, "Lakini wenyewe wameridhia," tutamjibu kwamba sitara ya mtu si mali yake peke yake hata aiuze apendavyo. Ni amana aliyopewa na Mola wake, na jicho lako wewe nalo ni amana uliyopewa.

La pili ni siri ya toba. Katika hadithi ya Abu Hureira waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba umma wake wote hutarajiwa msamaha isipokuwa wenye kudhihirisha maasi. Na akataja mfano wa mtu aliyefanya jambo usiku, Mwenyezi Mungu akamsitiri, kisha kulipokucha akaifunua mwenyewe ile sitara kwa kuwasimulia watu. Kisha kikumbuke kile chumba cha faragha tulichokitaja. Katika dini yetu mja huungama kwa Mola wake peke yake, usiku, na hakuna sheikh wala padri katikati. Kule mtu huungama mbele ya mamilioni, na jaza yake ni kura. Kijana akizoea kuona hivyo, hujifunza kwamba kosa si la kujutiwa, ila ni la kusimuliwa vizuri.

La tatu, nalo ndilo kubwa, ni nia. Muslim amepokea kutoka kwa Abu Hureira khabari ya watu watatu watakaohukumiwa mwanzo Siku ya Kiyama: aliyeuawa vitani, na aliyejifunza ilimu na kusoma Qur'ani, na tajiri aliyetoa mali yake. Kila mmoja atadai kwamba alifanya kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, naye ataambiwa kwamba amesema uongo, alifanya ili asifiwe ushujaa, au usomaji, au ukarimu, na sifa hiyo amekwisha kuipata duniani. Kisha watatu wote wataburutwa Motoni. Haya ni matendo matukufu kabisa, na nia iliyageuza. Basi itakuwaje kwa mtu aliyeingia mahali ambapo kupendwa na watazamaji ndiyo sharti ya kubaki? Hata akiswali humo, nafsi yake itamwuliza: "Je, swala hii itaniongezea kura au itanipunguzia?" Na swala iliyopimwa kwa mizani hiyo ndiyo ile iliyotajwa katika Suratul Maun.

Kwa hivyo jawabu la ndugu yetu wa pili ni hili. Si kazi yetu kusema kwamba mshindani fulani anayemtaja Mungu ni mwongo. Lakini twasema kwamba mchezo wenyewe umemkalisha penye khatari, maana umelifanya jicho la watu kuwa hakimu wake, na dini imejengwa juu ya mtu kuwa na Hakimu mmoja.

Fungu la mtazamaji

Labda msomaji atasema: "Mimi siko katika nyumba ile. Natazama tu." Lakini Mwenyezi Mungu ametuarifu katika Suratul Israa, aya ya 36, kwamba masikio, na macho, na moyo, vyote hivyo vitaulizwa. Tena mchezo huu hausimami bila mtazamaji. Yeye ndiye apigaye kura, na ujumbe wake wa simu hukatwa fedha, na fedha hizo zikawa ndiyo mafuta ya taa ile. Na ikiwa mwenye kutuma ujumbe huingizwa pamoja na hayo katika bahati nasibu ya zawadi, basi amekwisha kuingia katika kamari iliyokatazwa katika Suratul Maida, aya ya 90.

Serikali ya Kenya imeweka sharti kwamba mambo ya watu wazima yasionyeshwe katika televisheni na redio tangu saa 11 za alfajiri hata saa 4 za usiku. Sharti hiyo ni njema, lakini simu ya mtoto haina saa 4. Mzazi aliyefunga televisheni na kumwachia mtoto simu chini ya shuka amefunga dirisha akaacha mlango wazi.

Na lililo kubwa zaidi ni kwamba ile nyumba ya Johannesburg imekwisha kuhamia kwetu. Harusi za wanawake, ambazo zamani mwanamume hakukaribia hata mlango wake, sasa husambazwa na simu za walioalikwa, na bibi harusi akatazamwa na watu wa Changamwe na wa Dubai kabla ya mumewe kumwona. Mwezi wa Ramadhani mjane hupewa mfuko wa unga, kisha akaambiwa asimame apigwe picha na aliyempa, na picha ikatangazwa. Yule mama hakuja kushindania kitu. Alikuja kwa njaa, akageuzwa mshindani kwa nguvu. Hebu naisomwe aya ya 264 ya Suratul Baqara, inayowakataza waumini kuzibatilisha sadaka zao kwa masimbulizi na maudhi, kama afanyavyo mwenye kutoa mali yake ili watu wamwone. Tukiwacheka vijana wa televisheni, nasi twapiga picha unga wa mjane, tumemwona mwizi wa mbali na wa nyumbani tumemfungulia.

Jawabu la mzazi

Wala hatusemi kwamba televisheni ni haramu kwa dhati yake, au kwamba kila shindano ni batili. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mungu amrehemu, alitoa magazeti hapa Mombasa, Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, wakati ambapo gazeti lilikuwa ni chombo kigeni, akakitumia kuwaamsha Waislamu. Chombo hufuata mkono ukishikao. Basi mzazi aliyeuliza, na kila mzazi mfano wake, na alipime shindano kwa mizani minne.

Kwanza, aulize ni nani hakimu. Ikiwa hakimu ni mjuzi wa kazi ile, khatari ni ndogo. Ikiwa hakimu ni mapenzi ya watazamaji, kijana atafundishwa kuwa mtumwa wao.

Pili, aulize kijana atakaa wapi, na nani, na kwa saa za nani. Shindano ambalo mtu hufanya kazi yake kisha akarudi kwao si sawa na lile linalomfungia nyumba moja na wasio maharimu wake. Hili la pili halina rukhsa kwetu, kwa mwanamume wala kwa mwanamke.

Tatu, aulize fedha zatoka wapi. Mtume (S.A.W.) amewalaani watu kumi katika jambo la ulevi, kama alivyopokea Tirmidhi kutoka kwa Anas, na katika hao wamo mwenye kuubeba na mwenye kula thamani yake. Kijana asimamaye mbele ya jina la pombe akawavutia watu kwa sauti yake, anaubeba ulevi kwa koo badala ya kichwa.

Nne, aulize nini kinachouzwa. Ikiwa kinachoangaliwa ni kipawa, kama upishi, au ufundi, au hesabu, au usomaji, hilo lina nafasi. Ikiwa kinachouzwa ni nafsi yenyewe, machozi yake na ugomvi wake na mapenzi yake, hilo si shindano, ni soko la watu.

Kwa mizani hii, kijana aliyetajwa darsani asiende katika shindano la kufungiwa nyumba, wala lile linalotangaza pombe. Na mzazi amwambie hivyo kwa upole na kwa sababu zake, si kwa fimbo, kwani kijana aliyekatazwa bila kufahamishwa hungoja siku mzazi hayupo.

Lakini neno letu halikomi hapo. Kijana yule alitaja kodi ya nyumba na karo za wadogo zake. Hakusema kwamba ataka umaarufu. Tukimfungia mlango ule tukaenda zetu, tumemwachia njaa na tumejipa thawabu. Zaka imewekewa fukara na masikini, katika Suratul Tauba, aya ya 60. Na katika mji wetu kila Ramadhani twaona watu wamepanga foleni milangoni mwa maduka, kila mmoja akapewa fedha chache zisizomfikisha siku ya pili. Zaka ile ile, lau wenye mali wa mtaa mmoja wangaliikusanya na kuipanga, ingaliweza kulipa karo ya watoto kadha kwa mwaka mzima, na kumnunulia kijana cherehani au vyombo vya ufundi. Twawaomba wenye uwezo wa Likoni, Kisauni na Changamwe waanze na nyumba zilizo karibu nao, kwa siri, bila picha. Na walimu wa madrasa nao wamtafutie mwenye sauti nzuri nafasi ya kusoma Qur'ani na kuadhini, na mwenye mikono mizuri nafasi ya kazi. Kipawa kisipopewa mahali msikitini kitapewa mahali pengine.

Maswali ya darsa

Wasomaji wetu wa darsa na wayazungumze haya watakapokutana, na kila mmoja aanze na nafsi yake kabla ya jirani yake.

1. Kuna tofauti gani baina ya mwenye kumshukuru Mwenyezi Mungu mbele ya watu, na mwenye kuitumia shukrani ili apendwe na watu?

2. Kwa nini ridhaa ya mwenye kutazamwa haimhalalishii mtazamaji kutazama?

3. Ni ibada gani tuliyoifanya mwezi huu ambayo hakuna aliyeijua ila Mwenyezi Mungu? Swali hili mtu ajijibu moyoni, asilijibu kwa sauti.

4. Katika mtaa wetu ni kijana gani mwenye kipawa na dhiki pamoja, na ni nani katika sisi atakayemwendea wiki hii?

Twamwomba Mwenyezi Mungu azisitiri aibu zetu, azitakase nia zetu, awalinde watoto wetu na khatari za macho yao na macho ya watu, na awafungulie milango ya riziki ya halali. Wabillahi taufiq. Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.